Chavua ya Mtende: Mwongozo wa Kuivuna, Kuikausha na Kuihifadhi Ikiwa Hai

Mtende, ambao jina lake la kitaalamu ni Phoenix dactylifera, ni miongoni mwa mimea ambayo jinsia zake zimetengana kabisa, kwa maana kwamba mti mmoja huwa dume na kutoa maua yenye chavua pekee, na mti mwingine huwa jike na kutoa maua yenye kuzaa pekee. Chavua ni ule unga laini, mweupe au wa manjano hafifu, unaobeba mbegu ya kiume ya mmea, nao usipolifikia ua la kike hakuna tende ya maana inayopatikana. Ua la kike la mtende lina kapeli tatu, yaani vyumba vitatu ambavyo kila kimoja kinaweza kuwa tunda. Linapochavushwa, kwa kawaida chumba kimoja hukua na viwili hunyauka, ilhali lisipochavushwa vyumba vyote vitatu huweza kukua pamoja na kuwa vitunda vidogo visivyo na kokwa, visivyonenepa wala kuiva ipasavyo. Upepo huweza kuifanya kazi hiyo pale ambapo madume ni mengi kama majike, lakini katika shamba, ambako mkulima hawezi kuitoa nusu ya ardhi na maji yake kwa miti isiyozaa, chavua huhamishwa kwa mkono.

Kazi hiyo ni ya kale mno. Sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli wa karne ya 18 kabla ya Kristo, zinamtaja mtunza bustani aliyekabidhiwa shamba la mitende ili aichavushe, na katika fiqhi ya Kiislamu kuchavushwa kwa mtende ndiko kunakoamua mwenye matunda pindi mti unapouzwa, kwa kuwa hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim inaeleza kwamba matunda ya mitende iliyokwisha kuchavushwa hubaki kuwa ya muuzaji, isipokuwa mnunuzi awe ameweka sharti. Pamoja na ukale huo, mashamba mengi bado humtunza jike kwa maji na samadi na kumsahau dume, kana kwamba chavua ni vumbi tu, na kila vumbi ni sawa na jingine. Mwongozo huu umejengwa juu ya msingi ulio kinyume na mazoea hayo: chavua ni kitu hai chenye umri mfupi, uhai wake hutawaliwa na unyevu, joto na muda, na mkulima anayevimudu vitu hivyo vitatu ndiye anayeweza kumchagulia jike baba anayemfaa badala ya kumwachia baba yeyote atakayetokea.

Kumchagua dume

Kokwa za tende zinapopandwa, takriban nusu ya miche huwa madume na nusu huwa majike, na jinsia haionekani kwa macho mpaka mti utoe maua, jambo linaloweza kuchukua miaka minne, mitano au zaidi. Machipukizi yanayoota kando ya shina, kinyume chake, huwa na jinsia na tabia zilezile za mti mama, na kwa sababu hiyo aina mashuhuri za majike, kama vile Khalas, Fardh na Khunaizi za Oman, huendelezwa kwa machipukizi. Madume hayajapewa heshima hiyo katika sehemu nyingi, kwani mengi huwa yameota yenyewe kutokana na kokwa na kila moja hutofautiana na jirani yake. Wakulima wa Oman ni mfano mzuri wa kuigwa, kwa kuwa wao wamekuwa wakiyatambua madume bora kwa majina, kama Khori na Bahlani, na kuyaendeleza kama wanavyoyaendeleza majike. Katika kaunti ya Turkana nchini Kenya, ambako mitende mingi imetokana na kokwa, wingi na tofauti za madume ni hazina kwa mtu mwenye subira ya kuyachunguza moja baada ya jingine.

Dume linalofaa hutambuliwa kwa sifa ambazo hazina budi kufuatiliwa kwa misimu kadhaa na kuandikwa. Linatakiwa kutoa makarara mengi na makubwa, na karara hapa ni lile ganda gumu linalofunika upunga, yaani shada la maua, kama ilivyo kwa mnazi. Linatakiwa vilevile kuwa na maua yasiyopukutika kabla ya kukauka, chavua nyingi yenye kiwango kikubwa cha uotaji, afya njema, na wakati wa kuchanua unaotangulia kidogo wakati wa majike au kwenda nao sambamba. Dume moja lenye sifa hizo, likitumiwa kwa uchavushaji wa mkono, hutosha majike kati ya 25 na 50. Hata hivyo ni busara kuwa na madume yasiyopungua mawili yenye nyakati tofauti za kuchanua, ili maradhi au baridi ya msimu mmoja isilitie hasarani shamba zima.

Ipo sababu nyingine ya kumchagua dume kwa makini. Mwaka 1928 mtaalamu wa mimea wa Marekani, Walter T. Swingle, alieleza jambo aliloliita metazenia, ambalo maana yake ni athari ya chavua juu ya nyama ya tunda lenyewe, ingawa nyama hiyo ni sehemu ya mwili wa mama na haitokani na mbegu. Uchunguzi uliofanywa California na Swingle pamoja na Roy W. Nixon ulionyesha kwamba jike lilelile, likichavushwa kwa chavua za madume tofauti, huweza kutoa tende zinazotofautiana kwa ukubwa na kwa muda wa kuiva. Kwa mkulima wa kawaida, hilo lina maana kwamba uchaguzi wa dume unaonekana sokoni mwaka huohuo. Kwa mtu anayetafuta aina mpya, lina maana mbili ambazo hazifai kuchanganywa, kwani athari ya metazenia huonekana katika tunda la msimu huu na kuishia hapo, ilhali urithi wa kweli wa dume umo ndani ya kokwa, nao hautajulikana mpaka miche itokanayo na kokwa hizo ikue na kuzaa. Na kwa kuwa dume halizai tunda ambalo mtu angeweza kulionja, ubora wake kama mzazi hupimwa kwa binti zake tu, na ndiyo maana kumbukumbu za maandishi katika kazi hii zina thamani sawa na chavua yenyewe.

Kulivuna karara

Wakati wa kulikata karara la kiume ni mfupi na hauna budi kuviziwa. Karara changa lililokatwa mapema mno huwa na chavua isiyokomaa ambayo haitaota hata ikitunzwa vipi, na lililoachwa likapasuka na kufunguka hupoteza chavua yake kwa upepo na kwa nyuki ndani ya muda mfupi. Dalili ya ukomavu ni karara kuvimba, rangi yake ya kijani kugeuka kuelekea hudhurungi, na maua ya ndani kutoa sauti ya kukwaruzana pale linapobonyezwa kwa vidole sehemu ya katikati. Wakati ulio bora kabisa ni pale linapoanza kuonyesha ufa wa kwanza, au muda mfupi kabla ya hapo. Katika msimu wa maua mkwezi anapaswa kuukagua kila mti dume mara kwa mara, ikiwezekana kila siku, baada ya kuiondoa miiba mirefu iliyo kwenye tako la makuti, ambayo huweza kumjeruhi vibaya.

Ukataji hufanywa asubuhi, umande ukiwa umekwisha kukauka na nyuki hawajawa wengi, kwa kisu kikali kilichosafishwa, na karara hukatwa zima kwenye shina lake na kuteremshwa taratibu badala ya kuangushwa. Kabla ya kulipokea karara lolote ni lazima ganda lake likaguliwe, kwa sababu uko ugonjwa wa kuoza kwa upunga, unaojulikana kwa jina la khamedj na kusababishwa na kuvu aitwaye Mauginiella scaettae, ambao huanza kama mabaka ya rangi ya kutu juu ya ganda na kuenea kwenye maua yaliyo ndani. Chavua iliyotoka kwenye karara la namna hiyo haifai kabisa, maana hubeba kuvu huyo mpaka kwenye kila jike linalochavushwa. Karara lenyewe huchomwa moto, na kisu husafishwa kabla ya kukata jingine.

Pale ambapo lengo ni kupata uzao wa wazazi wanaojulikana, kila karara hufungwa kitambulisho chenye jina au namba ya dume na tarehe mara tu linapofika chini, na chavua za madume mawili hazianikwi chumba kimoja bila kizuizi, kwani unga huo ni mwepesi kiasi kwamba upepo mdogo wa mlangoni hutosha kuzichanganya. Mikono, chekecheo na karatasi husafishwa au kubadilishwa kila anapobadilishwa dume.

Kukausha na kuitoa chavua

Karara lililokatwa halifai kuachwa limefungwa hadi siku ya pili, kwa sababu unyevu na joto la ndani huleta ukungu. Ganda hupasuliwa na kuondolewa siku ileile, na upunga hugawanywa katika vijiti vyake, yaani vile vitawi vyembamba vinavyoshika maua madogo, kila ua likiwa kwa kawaida na chavulio sita, ambazo ndizo vifuko vyenye chavua. Vijiti hutandazwa safu moja juu ya karatasi safi au juu ya chekecheo la waya lililowekewa karatasi chini yake, ndani ya chumba kikavu, chenye kivuli na kinachopitisha hewa bila upepo mkali. Jua la moja kwa moja huharakisha ukaukaji lakini huiua chavua, na vivyo hivyo joto la jiko au la tanuri. Joto la chumba la nyuzi kati ya 25 na 30 za Selsiasi ndilo linalofaa.

Vijiti hugeuzwa kila siku kwa utaratibu, na baada ya siku mbili au tatu maua huwa makavu, hufunguka, na chavua huanza kudondoka yenyewe kwenye karatasi. Hapo vijiti hutikiswa juu ya karatasi na unga unaopatikana huchekechwa kwa chekecheo laini ili kuondoa vipande vya maua, kwa kuwa vipande hivyo hubaki na unyevu kuliko chavua na huwa chanzo cha ukungu ndani ya chupa. Anayefanya kazi hii anashauriwa kufunika pua na mdomo, maana vumbi hilo likivutwa kwa wingi huwasha na kuwaletea baadhi ya watu mafua na pumu.

Katika miji ya mwambao kama Lamu, Mombasa na Maskati, ambako hewa ya bahari imejaa unyevu, kivuli na hewa peke yake havitoshi. Huko chavua iliyokwisha kuchekechwa huwekwa kwenye sahani pana, safu nyembamba, ndani ya sanduku linalofungika barabara pamoja na kifyonza unyevu, yaani kemikali inayovuta maji kutoka hewani kama silika jeli au kloridi ya kalisiamu, kwa muda wa siku moja hivi. Kloridi ya kalisiamu hugeuka majimaji inapoendelea kufyonza, kwa hiyo ni sharti iwe kwenye chombo chake isije ikaigusa chavua. Chavua iliyokauka sawasawa hutiririka kama unga mkavu chupa inapoinamishwa. Ikiganda kwenye kioo au ikifanya madonge, bado ina maji na haijawa tayari kuhifadhiwa.

Kuihifadhi

Haja ya kuhifadhi chavua hutokana na jambo ambalo kila mwenye shamba hulikuta: majike ya mapema huweza kufunguka kabla dume lolote halijakomaa, na majike ya mwisho huweza kufunguka baada ya madume yote kumaliza. Chavua ya mwaka uliopita huziba pengo la kwanza, na ile iliyovunwa wiki chache nyuma huziba la pili. Kwa mzalishaji wa aina mpya, hifadhi humwezesha pia kuwaunganisha wazazi ambao kwa majira yao au kwa umbali wa makazi yao wasingekutana kamwe.

Tofauti kati ya kokwa na chavua katika jambo hili inapaswa kueleweka vyema. Kokwa ya mtende iliyofukuliwa katika magofu ya Masada, yenye umri wa takriban miaka 2,000, ilipandwa mwaka 2005 ikaota, na mti dume uliotokana nayo ukapewa jina la Methuselah. Chavua ya mtende, kwa upande wake, haina akiba kubwa ya chakula, na ikiachwa kwenye joto la kawaida la chumba hupungukiwa na nguvu wiki hadi wiki, kiasi kwamba baada ya miezi miwili au mitatu haiwezi kutegemewa. Kila hatua ya kuikausha na kuipooza huurefusha umri huo. Ikikaushwa vizuri na kuwekwa kwenye jokofu, katika nyuzi 4 au 5, pamoja na kifyonza unyevu, huweza kufika msimu unaofuata ikiwa bado inafaa. Ikiwekwa kwenye friza, katika nyuzi 18 hadi 20 chini ya sifuri, huudumisha uhai wake vizuri zaidi kwa mwaka mmoja na kuendelea. Na taasisi zinazotunza rasilimali za mimea huweza kuiweka kwa miaka mingi ndani ya naitrojeni ya majimaji, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri.

Kanuni za hifadhi ya nyumbani ni chache na hazina budi kufuatwa zote. Chavua hugawanywa katika vifungu vidogo, kila kimoja kikitosha kazi ya siku moja, ili kisilazimike kutolewa na kurudishwa. Vifungu hivyo hutiwa kwenye chupa ndogo zenye vifuniko vya kubana au kwenye vijifuko vya karatasi vilivyowekwa ndani ya chupa kubwa yenye kifyonza unyevu chini yake. Kila chupa huandikwa jina la dume, tarehe ya kuvunwa na matokeo ya kipimo cha mwisho. Chupa hukaa ndani kabisa ya jokofu wala si mlangoni, kwa sababu joto linalopanda na kushuka kila mlango unapofunguliwa, au kila umeme unapokatika, hudhuru zaidi kuliko joto la juu kidogo lisilobadilika. Chupa ikitolewa kwenye baridi haifunguliwi papo hapo, bali huachwa ikiwa imefungwa mpaka ilingane na joto la chumba, kwa kuwa hewa ya nje ikiingia kwenye chupa baridi hutona matone ya maji juu ya chavua, na maji hayo huiharibu kazi yote iliyotangulia. Chavua iliyokwisha kuyeyushwa hairudishwi kwenye friza.

Kupima kama ingali hai

Rangi na harufu havitoshi kumjulisha mtu kama chavua ingali hai. Vipo vipimo vya kuitia rangi, hasa kwa asetokamini, ambapo punje zilizojaa hupata wekundu na zilizo tupu hubaki bila rangi. Vipimo hivyo ni vya haraka na ni rahisi, lakini hukadiria kupita kiasi, kwa maana punje iliyokufa juzi huweza bado kushika rangi. Kipimo chenye ukweli zaidi ni cha uotaji, ambacho huitazama punje ikifanya kazi ileile inayotakiwa kuifanya juu ya ua: kuchipuza mrija unaoipeleka mbegu ya kiume ndani ya ovari.

Kwa kipimo hicho hutayarishwa maji yaliyochemshwa na kupoa yenye sukari asilimia 10 na asidi ya boriki kiasi cha miligramu 100 kwa lita. Maabara nyingi huongeza chumvi za kalisiamu, magnesiamu na potasiamu kwa kufuata mchanganyiko wa Brewbaker na Kwack uliochapishwa mwaka 1963. Tone moja huwekwa kwenye kioo cha hadubini, chavua kidogo sana hunyunyizwa juu yake, na kioo hufunikwa ndani ya chombo chenye karatasi iliyoloweshwa ili tone lisikauke, kisha huachwa kwa saa 24 katika joto la nyuzi 27 hivi. Punje huhesabiwa kuwa imeota pale mrija wake unapouzidi upana wa punje yenyewe. Zikihesabiwa punje 200 katika sehemu mbalimbali za kioo na 150 zikawa zimeota, uotaji ni asilimia 75, na hiyo ni chavua njema. Uotaji ukishuka chini ya nusu, chavua hutumiwa kwa wingi zaidi au kuachwa kabisa. Kipimo hufanywa mara mbili, kabla ya kuhifadhi na kabla ya kutumia, kwani bila cha kwanza haiwezekani kujua kama kasoro ilitokana na dume au na hifadhi.

Kuipeleka kwenye jike

Upunga wa kike huwa tayari mara karara lake linapopasuka, na kwa aina nyingi siku mbili hadi nne za mwanzo ndizo zenye mafanikio makubwa, ingawa baadhi ya aina huvumilia zaidi. Kazi hufanywa kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, maana chavua huota vizuri katika nyuzi 25 hadi 28 na hudhoofika sana kwenye baridi. Katika nyanda za juu zenye majira ya baridi, upunga uliochavushwa hufunikwa kwa mfuko wa karatasi ili uhifadhi joto. Mvua ikinyesha ndani ya saa chache baada ya kuchavusha, kazi hurudiwa.

Njia ya jadi ni kuchukua vijiti kadhaa vya kiume vilivyokauka, kuvitikisa juu ya upunga wa kike, na kuvichomeka katikati yake vikiwa vimeelekea chini, kisha kuufunga upunga kwa ukuti usiobana. Chavua iliyohifadhiwa, ambayo tayari ni unga, hupakwa kwa pamba au hupulizwa kwa bomba baada ya kuchanganywa na unga wa talki, sehemu moja ya chavua kwa sehemu tano hadi kumi za talki, na kadiri uotaji ulivyopungua ndivyo talki inavyopunguzwa. Anayezalisha aina mpya ana wajibu wa ziada: karara la kike hufunikwa mfuko kabla ya kupasuka, hufunguliwa kwa muda wa kuchavusha tu, hufunikwa tena mpaka maua yapite hali ya kupokea chavua, na hufungwa kitambulisho chenye majina ya mama na baba. Kokwa isiyo na maandishi hayo haina nasaba inayojulikana, hata kama tende yake ni tamu kiasi gani.

Mkulima anayetaka kuanza hahitaji maabara wala mtaji mkubwa, bali kivuli, karatasi safi, chekecheo, chupa zinazofungika, kifyonza unyevu na daftari. Aanze msimu huu kwa kuyapa madume yake namba, aandike ni lipi lilichanua lini na lilitoa makarara mangapi, ahifadhi chavua ya lile lililo bora, na alinganishe tende zake mwaka ujao. Shamba la mitende huishi kuliko mtu aliyelipanda, na kumbukumbu ya madume yake ni sehemu ya urithi ambao watoto wake wanastahili kukabidhiwa pamoja na miti.